Ngozi Uliyokwenda Nayo Kilwa

Mafunzo ya Wasaidizi wa Mifugo,
S.L.P. 14,
Lugoba, Bagamoyo.
Jumanne, 2 Aprili 1974.

Mpendwa Mjomba Bwanaheri,

Shikamoo Mjomba. Nakuamkia kwa adabu zote, na nampa shikamoo yake Mkazamjomba Mgeni. Hamjambo nyote hapo Kivinje? Watu huandika swali hili kisha wakalipita mbio waingie kwenye habari zao. Mimi leo nauliza nikitaka jibu. Una homa? Umeota kipele chochote mwilini? Mjukuu wako Mina hajambo? Sisi huku Baba ni mzima. Mama naye hajambo, ila kila asubuhi bado anatoa kikombe cha marehemu Bibi kabatini, anakumbuka, anakirudisha. Mimi mwili mzima, moyo ndio umenihama.

Kabla ya yote nakuomba jambo moja. Ile ngozi ya mtamba uliyoondoka nayo baada ya arubaini ya Bibi, uliyosema utaifanya msala, usiiguse. Usisali juu yake, usiioshe, usiianike, usiikung'ute vumbi, na Mina asiisogelee. Kama iko chumbani, fungeni mlango mkalale kwingine. Sasa nikueleze kwa nini, na univumilie, maana ni aibu yangu.

Unakumbuka nilivyopokelewa nilipokuja nyumbani kwa ajili ya arubaini. Nilikuwa na miezi miwili tu ya masomo, lakini Baba alikwisha kunitangaza mji mzima wa Dunda kuwa nyumba yake ina daktari wa ng'ombe. Nilimwambia hiki ni cheti cha chini kabisa, cha kumshikia kamba bwana mifugo wakati yeye anafanya kazi. Alisema daktari ni daktari. Na mimi, Mjomba, nilikanusha kwa mdomo tu. Rohoni nilipenda.

Kwa miezi hiyo miwili nilikuwa nimejua kuosha kwato, kupima homa, na ugonjwa mmoja, wa tumbo kujaa hewa. Walitufundisha kupiga ubavu wa kushoto kwa vidole, ukilia kama ngoma basi hewa imejaa. Nikawa napiga ubavu wa kila ng'ombe niliyekutana naye, wenzangu wakanicheka. Nilijua ugonjwa mmoja, kwa hiyo kila ng'ombe nilimwona anao.

Asubuhi ya arubaini wewe ulikuwa Dunda ukipokea wageni. Sisi tulikuwa shambani Zinga, alikofungwa yule mtamba mwekundu aliyemnunua Baba siku mbili kabla. Kulipopambazuka tukamkuta anatetemeka, amesimama mbali na majani yake, anahema mbio, masikio yana moto. Mzee Kombo, ambaye ndiye hutuchunia wanyama wetu siku zote, alishauri aitwe bwana mifugo. Baba akasema, “Wa nini? Mwiteni daktari wetu.” Nikaja na daftari kwapani, buibui nimelifunga kiunoni. Nikapiga ubavu wa kushoto, ukalia. Nikatamka kwa sauti ya mtu mwenye cheti chake mkononi kwamba amevimbiwa, na wamwahi kwa kisu kabla hajafa ikawa haramu.

Baba akapiga bismillahi akachinja. Damu ilitoka nyeusi, nzito, ikakaa shimoni bila kuganda. Mzee Kombo aliitazama kitambo, kisha akaniuliza, “Mwanangu Biubwa, damu hii mbona haigandi?” Nikamjibu kuwa ni hewa ya tumboni imeingia damuni. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilibuni palepale, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama na sikutaka kusema sijui. Alipopasua akanionyesha bandama, kubwa kupita kiasi, imelainika hata inammwagikia vidoleni. Nikamwambia ndivyo inavyokuwa.

Yaliyofuata unayajua. Nyama ilikaa motoni hadi adhuhuri, watu wakasoma, wakala, wakamwombea Bibi. Ngozi Mzee Kombo akaitia chumvi, na siku ya kuondoka kwako mimi ndiye niliyekukunjia na kuifunga kamba. Ulisema utaisalia ili kila sijida iwe na dua ya mama yako. Nililia nilipokusikia.

Jumatano iliyopita Mwalimu Abdala alitufundisha kimeta. Akaandika dalili ubaoni moja moja. Mnyama huanguka ghafla, homa kali, kutetemeka. Damu nyeusi isiyoganda. Bandama iliyovimba na kulainika. Kalamu yangu ilisimama hapo, siku ile sikuandika tena. Alisema mnyama wa namna hiyo hachinjwi wala hachunwi, huchomwa moto au huzikwa kina kirefu kwa chokaa, na kuwahi kwa kisu hakumwondolei ugonjwa. Alisema nyama ikichemka sana hatari hupungua, na waliokula zimepita wiki tatu, naamini Mungu amewasitiri. Lakini ngozi haikuchemshwa. Alisema maradhi hukaa kwenye ngozi kavu miaka na miaka, na humwingia mtu penye mchubuko mdogo, au kwa vumbi lake.

Mchana wa siku hiyohiyo ikafika barua ya Mama. Katikati ya habari nyingine aliniandikia kwamba Mzee Kombo ana jipu la ajabu mkononi, haliumi, katikati limekuwa jeusi kama kaa, na mkono umevimba hadi begani, naye anafunga majani. Mjomba, niliisoma nimesimama uwanjani, nikakaa chini kwenye tope mbele za watu. Nikatuma ujumbe kwa dereva wa lori kwamba mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Alipelekwa. Anachomwa sindano za penisilini na uvimbe unashuka, alhamdulillahi. Ila Baba alimwambia daktari kwamba mzee alijichoma na mwiba.

Juzi Jumapili Baba alikuja huku mwenyewe, kanzu imejaa tope hadi magotini. Nilidhani amekuja kunipiga. Alikaa kitandani kwangu akasema kwa sauti ya chini, “Kombo anapona. Basi, yaishe hapa. Usimwandikie mtu.” Nikamwambia kuhusu ngozi. Akasema, “Bibi yako amezikwa kwa heshima na kasomewa kwa heshima. Wataka watu waseme tumewalisha mzoga kwenye arubaini yake?” Nikamwambia hakuwa mzoga, alichinjwa. Akasema, “Wewe unalijua hilo, watu hawatalijua.” Kisha akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akaondoka. Sijawahi kumvunjia Baba neno lake, Mjomba. Hii ndiyo mara ya kwanza.

Jana nilikwenda posta nikakupelekea telegramu. Karani pale ni Bwana Rajabu, mtu wa kwetu Dunda, husoma kila neno na wikiendi hulipeleka barazani kwa Baba. Sikuthubutu kuandika neno kimeta. Niliandika tu: USISALI JUU YA NGOZI. BARUA YAJA. BIUBWA. Nilijisemea inatosha, Mjomba ataiweka kando angoje barua.

Sasa jitazame vizuri. Tazama paji la uso, viganja, magoti na vidole vya miguu, popote panapogusa chini katika sijida. Ukiona kipele kinachowasha na hakiumi, kikafanya lengelenge, kisha pakawa peusi katikati, usingoje kesho wala usifunge majani. Nenda hospitali ukamwambie daktari neno lenyewe, kimeta. Dawa ipo na mtu akiwahi anapona. Mwangalie na Mkazamjomba, maana najua ndiye aliyemalizia kuianika.

Mimi kila alfajiri najikagua mikono kwa taa, kidole kwa kidole. Hadi leo sina kitu. Ungedhani ningefurahi. Naona bora kingenitokea mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mjomba, barua haijaondoka. Mvua imekata barabara, lori la posta halikupita tangu Jumanne. Naendelea papo hapo nilipoishia, nisamehe karatasi imelowa.

Leo saa nne nimeletewa telegramu yako. Nimeisoma mara nyingi hadi nimeihifadhi. NIMEFAHAMU. NGOZI SISALII TENA. NIMEIPELEKA CHUO CHA KURANI WATOTO WAKALIE. THAWABU ZA MAMA.

Nimefahamu ulivyofahamu. Ulidhani nimesoma kwamba ngozi bado ina damu, haijatoharika, haifai kwa sala, basi itafaa kwa kukalia. Mtu yeyote mwenye dini yake angefahamu hivyo. Hukukosea wewe. Nilikosea mimi niliyeficha neno moja ili karani asilione, na kwa neno hilo watoto wamekalia kimeta, miguu mitupu, magoti yana mikwaruzo kama magoti ya watoto yalivyo. Na Mina anasoma chuo hichohicho.

Sikulia. Niliogopa hata kulia. Nilikimbia posta na mvua, nikamwandikia Bwana Rajabu kwa herufi kubwa: NGOZI INA KIMETA INAUA. ONDOENI WATOTO. MSIIGUSE. WOTE HOSPITALI LEO. MIMI NDIYE NILIYESEMA NG'OMBE AMEVIMBIWA TU. Aliisoma, akaninyanyulia macho, akaniuliza, “Baba yako anajua?” Nikamwambia, “Tuma kwanza, Bwana Rajabu, tafadhali, ukimaliza nenda ukamwambie.” Alituma. Sijui itakufikia leo au mvua imeangusha nguzo huko kusini.

Kwa hiyo nilipotoka posta nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Abdala. Mtihani wetu wa cheti ni tarehe 22 mwezi huu, na nilijua nikifungua mdomo naweza kurudi Dunda bila cheti. Nilisimama mlangoni natiririka maji nikamwambia yote, ubavu, damu, bandama, mwiba wa Mzee Kombo, telegramu. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu, “Siku ngapi watoto wameikalia?” Nikasema tatu kwa hesabu yangu. Akanyanyua simu.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Namsikia anapiga kelele simuni, laini inakatika, anaanza upya: Kilwa, bwana mifugo wa wilaya, Kivinje, chuo cha Kurani, watoto. Sasa ametoka akanipa daftari tupu na penseli. Amesema niandike jina la kila mtu aliyemgusa mnyama yule, nyama yake mbichi au ngozi yake, nisimfiche yeyote kwa heshima wala kwa haya. La mtihani hakulitaja, nami sikuuliza.

Nimeandika Baba, aliyechinja. Nimeandika Mzee Kombo. Nimeandika Mama na jirani zetu wanne waliokata nyama. Nimejiandika mimi. Nimeandika wewe, na Mkazamjomba, na Mina. Baada ya hapo kurasa ziko tupu, maana watoto wale siwajui.

Mjomba, bwana mifugo akifika kwako usimwonee haya wala usimfungie mlango. Mpeleke chuoni. Mwite mwalimu, mpite nyumba kwa nyumba, na uwaambie wazazi wazi kwamba mpwa wako aliyekuwa hajui alijifanya anajua. Baba atakasirika na ana haki. Bibi naamini hatakasirika, kwa sababu hakupenda mtoto alie kwa ajili yake.

Nisalimie Mkazamjomba Mgeni na uniombee radhi kwake. Mina mbusu, lakini kwanza mtazame magoti. Mpe salamu zangu mwalimu wa chuo. Mama anakusalimu, hajui kama nimekuandikia. Mwenyezi Mungu akulinde na kila baya nililolituma nyumbani kwako kwa mikono yangu, awalinde na hao wadogo, amrehemu Bibi.

Nisalimie na watoto wote wa chuo. Niandikie majina yao, Mjomba, mmoja mmoja, na ubini wao, usimwache hata mdogo wa mwisho anayekaa nyuma. Daftari liko wazi magotini kwangu na Mwalimu anayangoja.

Mpwa wako anayekupenda na kukuhofia,

Biubwa