Asubuhi Arobaini za Mama Yustina

Dada Zaina, shikamoo.

Huku Morogoro ukungu wa Uluguru umeshuka hadi madirishani mwa hospitali, nami nimetoka kubishana na daktari mkuu. Nina mgonjwa, Mama Yustina, mkulima wa njegere huko mlimani, aliyepooza mkono kwa kiharusi. Kila asubuhi nahesabu njegere anazomenya kwa mkono huo. Tulipoanza mazoezi ya mkono hesabu ilipanda, tulipoyasimamisha ikashuka, tulipoyarudia ikapanda tena. Nikachora grafu nikaipeleka kikaoni.

“Mtu mmoja si utafiti,” daktari alisema. “Nilikupa ruksa ya mazoezi tu, na hata ruksa ina mipaka yake, binti!”

“Ni mtu mmoja, daktari, lakini ni asubuhi arobaini, na kila asubuhi namlinganisha na yeye mwenyewe.”

Akaniamuru niitupe. Nimeibandika kwenye mlango wa chumba changu cha mazoezi. Mama Yustina alipoiona aliuliza, “Mimi ni kidoti kipi hapo, mwanangu?”

“Vyote, mama.”

Akainyoosha karatasi kwa mkono uleule uliopooza. “Basi atakayeibandua aje kwangu kwanza.”

Wakumbatie watoto, dada, na mama yetu umwambie sijanyamaza, kama alivyonifunza.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi