Papa Kwenye Chumba cha Foromaji

Ngungu, 6 Februari 2022

Kaka Muhire,

Nakusalimu sana. Huku tuko wazima. Mgongo wa Mama unamsumbua, lakini anakamua kila asubuhi, anagandisha maziwa, na foromaji zake zinauzika. Wewe je? Mvua ya Walikale ingali inakufuata mpaka kitandani?

Ninaandika juu ya ordinateur, ile kompyuta uliyotuachia ulipokuja mwaka jana, video ikiwa humo. Ile video uliyompiga Papa siku ng'ombe walipopanda malisho ya juu, siku uliyoondoka mara ya kwanza kwenda Walikale, haichezi vizuri. Papa anatembea hatua mbili, anaganda, halafu anatokea upande mwingine wa ua. Sauti nayo inaruka. Jumapili Mama aliniuliza, "Huyu papa yako, juu ya nini wanamukata-kata hivi? Hakukuwa muntu wa kigugumizi." Alicheka, kisha akatoka nje haraka.

Tarehe 19 Machi mwaka unatimia tangu tumzike. Nataka siku hiyo Mama amwone akiimbia ng'ombe bila kukatika. Mwalimu Hubert wa informatique alinipa kurasa za Kifaransa zinazofundisha jinsi ya kulazimisha processeur, ubongo wa mashine, ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Nimezisoma mara nne. Unabonyeza kitufe cha Suppr kabla mashine haijaamka, ukurasa wa bluu unafunguka, unapandisha namba kidogo kidogo. Hatari, wanasema, ni joto.

Niruhusu ao unikataze. Nisipopata jibu, nitajaribu.

Dada yako mdogo,
Umutoni


Karibu na Bisie, 16 Februari 2022

Dada Umutoni,

Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa funza wa miguuni. Mgongo wa Mama umfunge kitambaa cha moto, na yale madumu ya maziwa uyabebe wewe.

Usiguse huo ukurasa wa bluu. Mashine ile niliinunua ikiwa tayari mzee, na mzee hakimbizwi. Kosa ni langu, nilipiga video kubwa mno. Mpelekee Dorothée, yule wa studio ya picha pale Kirotshe. Ataipunguza ukubwa, nayo itacheza bila shida. Tena akuwekee kopi kwenye kadi. Simu yangu ilizama tulipovuka mto Lowa, kwa hiyo Papa amebaki mahali pamoja tu.

Mimi sijaitazama hata mara moja. Usimwambie Mama.

Ninampa Makuza wa pikipiki barua hii. Anashuka kesho.

Kaka yako,
Muhire


Ngungu, 21 Machi 2022

Kaka Muhire,

Nakusalimu, ingawa leo naona haya hata kuuliza habari zako. Barua yako ya Februari imefika asubuhi hii. Makuza anasema daraja lilikatika, akakaa wiki nne ng'ambo akila mihogo ya watu.

Kaka, nilishafanya.

Nilianza na namba 200, nikaweka 210. Ikaamka. Nikaweka 220, na Papa akaganda mara chache kuliko mwanzo. Kwenye 235 alitembea vizuri, lakini mashine ilipata joto ikajizima. Nikawaza mahali penye baridi kuliko pote hapa kwetu, nikakumbuka chumba cha foromaji. Unajua kuta zake zinavyotoa jasho mwaka mzima. Kurasa zilizungumza juu ya baridi, juu ya maji hazikusema neno. Walioziandika hawana chumba cha foromaji.

Ijumaa baada ya masomo nilivuta waya wa umeme kutoka turbine ya paroisse, pale kanisani, mpaka mle ndani, nikaiweka mashine kwenye rafu katikati ya foromaji, ubavu wake wazi ili ipate hewa.

Ilicheza. Papa alipita mlango wa ua hatua zake zote, fimbo mabegani. Nikahesabu hatua tisa. Hapo hapo, kabla hajafika kwenye wimbo, nikaisimamisha. Nilitaka Mama asikie nami kwa pamoja.

Nilimwita. Alikuwa akipasha maziwa chumba cha pili, na alipofungua mlango mvuke uliingia naye. Niliona matone yakijipanga kwenye vyuma vya ndani. Kioo kikawa cheusi. Kulitoka mlio mdogo, halafu harufu ya plastiki.

Mama alisimama, maziwa yakimdondoka vidoleni. "Papa yako iko wapi?"

Nikamjibu, "Alikuwa hapa."

Siku ya misa ya Papa nilikaa benchi la nyuma.

Umutoni


Ngungu, 24 Aprili 2022

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Nilipeleka disque dur, kile chuma kinachotunza video, kwa fundi mmoja wa Sake. Aliifunga kwenye mashine yake mara tatu, akanirudishia akiwa ameifunika kwa gazeti, kama unavyofunika kitu kisichofaa kuonwa na watoto. Umeme ulikuwa umeiunguza nayo. "Musichana," akasema, "hapa hakuna kitu tena."

Mama hajanigombeza. Wageni wakiuliza, anasema mashine ilikufa kwa uzee. Anaongopa kwa ajili yangu mbele ya wakristo wenzake, na mimi ninapanga foromaji. Afadhali angenipiga.

Makuza ameniambia alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukarudi mgodini.

Kaka, nigombeze wewe basi.

Umutoni


Karibu na Bisie, 2 Juni 2022

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikasirika. Nilikuandikia barua mbaya, nikakaa nayo siku nyingi, kisha nikaitia katika moto wa chai. Kila nilipokutukana humo, nilikuta niliyemwandikia ni mimi. Mtu mwenye kitu kimoja hakiachi mahali pamoja. Mwaka mzima nilijua hakuna kopi nyingine, na kuifungua nilikuwa naogopa. Wewe ulimfungulia Papa kila Jumapili.

Sasa ninaomba kitu. Wewe unasoma vitabu, unajua kuandika. Niandikie video yote, tangu anapotoka nyumbani. Usipambe.

Kaka yako,
Muhire


Ngungu, 19 Juni 2022

Kaka Muhire,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu, mgongo wake umepoa. Ninaiandika vile ilivyokuwa inacheza. Pale ilipoganda nimeacha mustari mtupu.

Papa anatoka, anafunga vifungo vya koti. Anasema, "Muhire, unapiga nini? Piga ng'ombe, mimi si bibi arusi." Anapita mlango wa ua, hatua tisa.

..........

Yuko upande wa pili, ameinama, anatazama kama kuna aliyemwona. Anamwita Bihogo kutoka kundini. Anaanza kuimba.

..........

Anacheka. Kicheko chenyewe kimeanzia katikati. Ng'ombe wanapanda, Bihogo mbele. Papa anageuka kwako, mdomo wake unatembea, sauti hakuna.

..........

Anainua fimbo. Inaisha.

Mama naye hajui kilichokuwa kwenye mistari hiyo, alikuwa ndani akikufungia chakula cha njia. Wewe ulishika simu. Jaza, kaka, nimsomee.

Dada yako,
Umutoni


Karibu na Bisie, 10 Julai 2022

Dada Umutoni,

Nakusalimu, na Mama umsalimu kabla ya kumsomea.

Mustari wa kwanza: alikanyaga mavi ya ndama kwa kile kiatu cha misa, akakifuta kwenye majani.

Wa pili: alisahau maneno ya wimbo wake mwenyewe. Akaita jina la Bihogo mara tatu ili kujaza nafasi, na Bihogo akaitika. Njo maana alicheka.

Wa tatu nimeushika wiki mbili. Gari la Walikale lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Simu ilikuwa inamtazama Papa, mimi nilikuwa natazama barabara. Alisema maneno, si machache. Nilimjibu, "Ndiyo, Papa."

Sijui nilikubali nini.

Kaka yako,
Muhire