Ulipoitika Jina la Marehemu

Mama,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo, maana nikitanguliza salamu utadhani nimetulia. Tangu tukuzike, akina mama hapa kwenye uwanja wa kanisa wananiambia nilie nipate kuwa mwepesi. Sitaki kuwa mwepesi. Nataka kugombana, na mtu ninayetaka kugombana naye amelala kwenye makaburi ya Bunda mjini, mbali na zizi lake, chini ya msalaba wa mbao wenye jina tu.

Kwa nini hukula, Mama?

Muuguzi alisema ni homa ya mapafu. Sawa, yeye amesoma. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha, na mbavu zako nilikuwa naziona. Siku zote zile ulikunywa chai ya rangi na kutafuna dagaa walioletwa parokiani na watu wa Bukima, huku unga umejaa kwenye ndoo karibu na kichwa chako. Nikipika ugali, unageukia upande wa turubai. Nikabadilishana unga na jirani anipe muhogo, nikajiona mjanja. Ukainusa sufuria, ukasema, "Huu nao umetoka kwenye unga ule ule." Una kichwa kigumu. Ulikuwa nacho. Bado sijazoea kusema ulikuwa.

Najua kwa nini hukula. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Unakumbuka tulivyofika hapa Nyasura? Lambo la kijijini lilikuwa limebaki tope, ng'ombe wameanguka mmoja mmoja, halafu vijiji viwili vikapigania lile tope mpaka nyumba zikachomwa. Yetu ilikuwa ya pili kuwaka. Tulitoka Butiama na sufuria, blanketi, mtoto wetu Ghati mgongoni kwangu, na fimbo yako. Kanisa likatupa uwanja. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza walipokuja watu wa msaada na kishikwambi chao. Yule kijana wa kizibao chenye mifuko mingi alikuuliza mkuu wa kaya ni nani. Ukasema, "Mimi." Akauliza mimi ni nani wako. Ukasema, "Mke wangu."

Kwetu hilo halina maelezo. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, ili nyumba isife. Tunaita nyumba ntobhu, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Ghati anaandikwa kwa jina lako kama la baba, na hakuna aliyewahi kuniuliza baba yake ni nani. Lakini kijana ametoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka, hajawahi kusikia jambo hilo. Akacheka. "Bibi, mfumo unakataa. Mume lazima awe ME."

"Andika KE. Mimi ndo mume. Nimekuwaga mume wa huyu kabla wewe hujaota meno."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ulijua kuwachekesha watu ukiwa umekasirika. Kijana akatuweka pembeni, akatuandika kaya yenye utata. Mgao wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Ghati akaanza kukaa kwenye mlango wa hema la jirani wakati wa kula, haombi, anakaa tu.

Sasa nisikilize, maana hili sikukuambia mdomoni. Siku uliyokwenda kuokota kuni nilimfuata yule kijana. Nilitaka kumbembeleza. Akasema, "Dada, tufanye iwe rahisi. Nikuandike mjane. Wajane wanapita moja kwa moja." Nikamfikiria Ghati. Nikakubali. Akauliza, jina la marehemu? Ningeweza kutaja jina lolote. Marwa, au mwanamume yeyote aliyepita njiani. Nikataja lako. Nadhani nilishindwa kuingiza mwanamume mwingine kwenye nyumba yako hata kwa karatasi. Akaandika Wankuru, akabonyeza ME, mfumo ukakubali. Wewe hapo ulikuwa porini unaokota kuni kwa mikono yako miwili.

Siku ya mgao nilitaka ubaki hemani. Nilikuambia jua ni kali. Ukanijibu kwamba jua umelijua kabla yangu. Basi ukakaa pale kwenye jiwe, na kipaza sauti kikaita: "Bhoke Chacha, mjane wa marehemu Wankuru!"

Ukainuka. Ukaegemea fimbo. Ukasema, "Nipo."

Nasikia mpaka leo kile kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Marehemu kafufuka!" Hukumgeukia. Ulikwenda mbele pamoja na mimi, ukashika ncha moja ya mfuko, tukaubeba mpaka hemani. Nilikuwa nangoja matusi. Ungenitukana, Mama! Ungenipiga na hiyo fimbo, leo ningekuwa na kitu cha kukushitakia. Nilipiga magoti, nikakueleza habari ya Ghati, nikalia. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Siwezi kula matanga yangu mwenyewe. Nyie kuleni. Nyie ndo mmefiwa."

Ukakaa nayo hiyo mpaka ukafa.

Nilikosa, na kosa langu nalijua ukubwa wake. Kwetu mtu hatajwi marehemu akiwa anapumua, hata kwa utani. Lakini mtoto alikuwa na njaa, Mama. Nilikosa kwa ajili ya mtoto wa nyumba yako. Wewe ulikuwa na heshima yako, mimi nilikuwa na mtoto aliyekaa kwenye mlango wa watu. Ungeweza kula kidogo tu ukiwa umeninunia. Ungeweza kuninunia mwaka mzima, huku umeshiba.

Na hujui yaliyofuata. Nyamhanga, mdogo wa marehemu mume wako, alikuja kwenye mazishi na koti kubwa, akalia kuliko wote. Kabla udongo haujakauka alikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji na nakala ya orodha ya msaada mkononi. Anasema: karatasi hii inaonyesha Bhoke aliolewa na mwanamume aitwaye Wankuru. Ukoo wetu hauna mwanamume wa jina hilo. Basi huyu ni mke wa watu wengine, hana chake hapa, na ule mji, nyumba na zizi, ni wangu. Nyamhanga alikunywa pombe siku ile unatoa ng'ombe wa mahari yangu, Mama, alicheza mpaka kiatu kikamvuka. Leo hanijui.

Nikaenda Musoma kwenye ofisi yao. Nililala Kamunyonge kwa binamu yangu siku mbili, kila asubuhi naambiwa mhusika yuko kwenye semina. Siku ya tatu nikampata. Mama mnene, mpole, ana feni. Akatazama mashine yake, akauliza, "Kwani tatizo nini hapa? Si kweli amefariki?"

Nilitaka kuipindua ile meza. Ndiyo, amefariki. Mliandika kwanza, akafuata. Lakini hakuwa mwanamume. Andikeni KE. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa, kwamba nikibadilisha jinsia ya mume kaya inafungwa. Nitoke kwenye orodha, nianze upya, na mabati ya wanaorudi vijijini yatakuwa yamekwisha. Mbegu pia. "Fikiria dada," akasema. "Bati ni bati."

Wenzangu wote hapa wamesema vilevile. Chukua mabati kwanza, ya Nyamhanga baadaye. Lakini nikichukua bati lile natia sahihi kwamba mume wangu alikuwa Wankuru, ME. Nitamwambia nini Nyamhanga tena? Nitaezeka nyumba yako kwa ushahidi wake.

Nimetoka kwenye orodha, Mama. Nilisimama nyuma ya kiti cha yule mama wa feni mpaka akabonyeza. Kisha nikadai karatasi ya mkono. Alisema haiwezekani mpaka alipoona sitoki. Imeandikwa kwamba Wankuru, mwanamke, alikuwa mume wa Bhoke kwa mila, kwamba aliandikwa marehemu kwa makosa akiwa hai, na kwamba alifariki baadaye. Ina muhuri. Nimeikunja kwenye kitambaa chako cha ugoro. Sijui kama itatosha. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, na Nyamhanga ana marafiki wengi wa pombe.

Yule kijana alikuja juzi na kilo ya sukari. Alisimama kwenye uzio, akasema pole, hakujua. Nilipokea sukari. Pole yake nimemwachia. Anaweza kuwa mtu mwema, sikatai, ila kidole chake kilibonyeza bila kuuliza mara ya pili, na changu kilikuwa nyuma yake.

Ule unga tumeumaliza jana, mimi na Ghati. Sikutupa hata punje. Ulisema sisi ndio tumefiwa, basi tumekula kama wafiwa. Mtoto aliuliza mbona nalia na chakula kipo.

Tunaondoka kesho asubuhi. Hakuna bati. Tutaegesha lile turubai kwenye ukuta uliobaki, na nyasi zikiota tutaezeka. Nakuaga kwa hasira, Mama, kwa sababu ndiyo niliyo nayo, na nikikudanganya utainusa. Bado nakupenda, na hilo nalo linaniudhi. Lakini nakuahidi hivi: wewe utahamishwa kutoka makaburi ya watu, utalala karibu na zizi lako kama mume yeyote, hata nikikaa miaka kulitafuta hilo. Na Jumamosi, kabla Nyamhanga hajafungua mdomo, nitasimama kwenye mlango wetu ulioungua nitaje jina lako kwa nguvu, kama kile kipaza sauti, bila neno marehemu mbele yake.

Safari hii usiinuke. Pumzika na miguu yako. Nitaitika mimi.

Mke wako,
Bhoke