Kengele ya Chumba cha Baridi

Jumatatu. Ziwa limevimba tangu alfajiri, mawingu yamekaa juu ya Mwanza kama wadai, na mimi mzee wa utani leo nimeamka mdomo mchungu.

Jana nilimwona wodini Kulwa, mfanyakazi mwenzake binti yangu. Wamemkata vidole. Alifungiwa kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda cha sangara, akabonyeza kitufe cha kuomba msaada mpaka mkono ukafa ganzi.

Kengele haikulia.

Programu ya kengele ile kaiandika binti yangu, Kabula. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo alinieleza taratibu. Yeye anaandika maneno, halafu kitu kinaitwa kompaila kinayageuza yawe lugha ya mashine. Kompaila hiyo ina nyongeza mbili: moja ya kupima ubaridi, nyingine ya kusikiliza kitufe. Kitabu chake kinasema ziwashwe pamoja, hakuna shida. Uongo. Kila moja peke yake ni hodari. Ukiziwasha pamoja, ya kitufe inakuwa kiziwi. Ni Bagika na Bagalu hao, vikundi vyetu vya ngoma: waweke uwanja mmoja uone kama wote watasikika.

Kabula alimwonyesha meneja hilo, akaliona kwa macho yake. Bado meneja anataka Kabula asaini kwamba Kulwa hakubonyeza. Nyongeza ya ubaridi haizimwi, wanunuzi wa Ulaya wanaidai. Kitufe hakuna mnunuzi anayekiulizia.

Asiposaini, kazi hana. Na tangu kiwanda cha pamba kiuzwe nami nikapunguzwa kazi, ugali wetu unatoka kwake.

Leo nimekwenda mwenyewe. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akanipa shikamoo, nikaitikia. Akasema, "Mzee, kitabu kimeandikwa na waliotengeneza kompaila."

"Vizuri, mwanangu. Washa zote mbili, uingie mle, mimi nifunge mlango. Ikilia, binti yangu anasaini sasa hivi."

Akacheka. Akatazama saa yake.

Hakuingia.

Kabula naye hakusaini. Amerudi na mfuko wa vitu vyake vya kazini, amelala kaelekea ukutani. Nimemwekea chai, imepoa.

Kesho asubuhi kuna mtu mwingine wa kuingia chumba kile. Simjui. Nitamsubiri getini nimwambie asiingie mpaka mwenzake asimame mlangoni.

Naye akiwa na watoto wanaongoja ugali, atanisikiliza?