Kwa Mama, Aliyetaka Barua Isomwe Yote

Mwaka umetimia, Mama yetu Mehitabel Thrall, tangu homa ya mapafu ikuchukue kutoka kwetu, na nyumba yako bado haijatulia.

Tangu kaka yetu Asahel aende vitani kupigana na majimbo ya kusini, barua yake haikufunguliwa mpaka wote tuwe mezani na Baba amesimama tayari kusoma. Wewe tu ndiwe uliyekuwa huketi. Ulizunguka chumba na sindano zako, ukifuma soksi za kumpelekea, na katika kila soksi ukamfichia matufaha makavu.

Tunaikumbuka siku Baba alipokuwa akiomba kura arudi bungeni, akawasomea watu wa jimbo letu la Vermont barua ya Asahel. Alisoma ushujaa wote, akaruka njaa na viatu vilivyooza. Ukainuka katikati ya ukumbi.

"Mheshimiwa, umeruka mahali."

"Mke wangu, keti. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani nimeshaisikia. Wasomee hawa, na wao wana watoto kule."

Baba akarudi mwanzo, akasoma yote. Kura zilimpungua, ila alipita, na wiki ile kanisa letu likajaa viatu vya kupeleka kambini. Ulivifunga mwenyewe, ukimtania Baba kwamba hiyo ndiyo hotuba yake ya kwanza iliyomfaa mtu.

Ulituacha muda mfupi baada ya Asahel kutekwa na adui. Kule gerezani kusini barua ni ukurasa mmoja tu, tena adui huusoma kwanza, na nyingi hazifiki. Tumemwandikia habari za msiba mara kadhaa, ila zilizomfikia ni zile tu Baba alizoandika baadaye, akidhani ameshajua. Jumanne ikaja barua yake: "Mama, mbona siku hizi anaandika Baba peke yake? Umenikasirikia? Niandikie hata mistari miwili."

Baba, anayeweza kuhutubia bunge kutwa nzima, ameshindwa na ukurasa mmoja. Anaandika, anachana, anakwenda posta kuuliza mfuko wa barua unaondoka lini, anarudi kuandika upya. Mmoja wetu, Thirza, alimsihi apumzike.

"Nikipumzika, nani atamwambia?"

Tumemfumia soksi na kutia matufaha. Hazifanani na zako, Mama. Tunaogopa atajua kabla hajasoma.

Wanaokukumbuka ni mumeo Orrin, na binti zako Thirza na Lovina. Sisi hatutakusahau maisha yetu yote.

Asahel bado anasubiri umjibu.