Bethany Alipobisha Hodi kwa Mamake

Durham, Desemba 2019

Mdogo wangu Enid,

Habari imefika huko Australia? Bethany wangu anagombea ubunge kwa chama cha Leba! Mtaa mzima unamtaja! Jana kanibishia hodi na karatasi yake ya kuandika kila nyumba itampa nani kura.

"Mama, wewe nakuandika wetu, eh?"

"Niandike Konsevativu, mwanangu. Wao ndio watakaotutoa Umoja wa Ulaya."

"Acha utani! Na marehemu Baba, mchimba makaa, Leba mpaka kaburini?"

Sikucheka. Basi akaandika vilevile nilivyosema. Hakudanganya hata kwa mamake! Enid, mbunge mkweli hivi hajapata kuonekana, na nimemzaa mimi. Kura tu ndiyo sitampa.

Dada yako anayekukumbuka,
Maureen