Nifunze, Mimi Sijui

Wafula, mwalimu wangu,

Sijalala. Si kwa sababu umekufa tu. Hilo nimelilia hadi sauti ikakauka. Ni kwa alichosema mama yako jana.

Tulienda kwenu Kaloleni kutoa pole, mimi na Mwende wa kundi letu la masomo. Mama akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndio Wambui? Asante sana mwanangu. Wafula aliniambia ni nyinyi mlikuwa mnamfunza hiyo takwimu." Nikadhani huzuni imemchanganya. Akaendelea, "Si alikuwa ameanguka mara mbili? Alitaka kuacha chuo, mpaka akapata watu wa kumfunza huko sokoni Burma. Jumatano alikuwa arudie mtihani."

Kumfunza! Sisi! Mimi chai ilinimwagikia miguuni na sikuhisi.

Kumbe Jumatano tungekutana kwenye chumba kimoja cha mtihani. Ungejificha wapi, wewe mjanja?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla buchari ya mjomba wako pale sokoni haijawasha moto, ulifuta bei za nyama ubaoni, ukanipa chaki. "Nifunze. Mimi sijui, anza mwanzo kabisa." Kwa kuwa ulitutangulia mwaka mmoja, nikaona ni mbinu ya walimu. Na yale maswali yako ya kijinga! "Sasa hapo umegawanya kwa nini?" Siku moja nilikutupia chaki. "Wacha zako, si unajua!" Ulicheka, ukaiokota, ukanirudishia.

Nina hasira nawe, Wafula. Tulikuita mwalimu na hukukataa. Na papo hapo natamani uniulize swali jingine la kijinga.

Tangu pikipiki ile ikugonge, nilikuwa nimeamua kuacha masomo. Nilijiambia, anayejua ameenda, mtihani huu nitaupita kwa msaada wa nani? Sasa hata kisingizio hicho sina. Hakuna aliyekuwa anajua. Tulielewa vivyo hivyo, tukibishana mbele ya ubao wa nyama.

Leo tulikutana Burma bila wewe. Msichana wa mwaka wa kwanza akaja na begi lake, akauliza, "Nani hapa ndio anajua takwimu?" Nikafuta bei ya matumbo, nikampa chaki.

"Nifunze," nikamwambia. "Mimi sijui."

Kesho wanakusafirisha kwenda Bungoma. Jumatano nitaufanya mtihani wetu. Halafu nitakuja kaburini kwako nikueleze kila swali, kuanzia mwanzo kabisa.

Lala salama, mwanafunzi wangu.

Wambui